Nafasi ya Sesilia

Sesilia alianza kuendesha baiskeli akiwa na miaka minane, huko Karagwe, akipeleka maziwa barabarani kwa baiskeli ya baba yake. Kiti kilikuwa juu mno kwake, kwa hiyo alipenyeza mguu katikati ya fremu akaendesha amejipinda upande, dumu limefungwa kwenye keria, na maziwa hayakumwagika. Jambo hilo alikuwa akilisimulia hata alipofika miaka arobaini na saba, mhudumu wa wodi katika hospitali moja ya London, mke wa Deus dereva wa basi, mkazi wa Walthamstow. Watu wengine hujivunia vyeti. Yeye alijivunia maziwa yasiyomwagika.

Nurjehan hakuwahi kupanda baiskeli. Alizaliwa Tanga, nyuma ya duka la vitambaa. Kaka zake walipewa baiskeli, yeye akapewa cherehani. Uingereza akasomea ufamasia, akaolewa, akafungua duka la dawa Tooting pamoja na mumewe Chaman, na hapo akakaa nyuma ya kaunta miaka thelathini mpaka Chaman alipougua. Wodini ndiko walikokutana. Sesilia alikuwa akitandika kitanda cha jirani akasikia mama wa Kihindi akimwambia mgonjwa wake, "Geuka kidogo, baba Zulfi, shuka linakubana." Akaacha alichokuwa akifanya.

"Subiri nikusaidie, mama," akasema kwa Kiswahili.

Yule mama akamtazama, akaanza kulia, naye wiki tatu zote za ugonjwa hakuwa ametoa chozi.

Chaman alifariki. Miezi minne baada ya msiba Nurjehan alimpigia Sesilia simu, akamwambia neno ambalo hakuwa amemwambia hata mwanawe, Zulfikar.

"Nataka kujifunza baiskeli. Usinicheke."

"Sicheki, Mama Zulfi. Njoo Jumapili."

Akaja, kutoka Tooting mpaka Walthamstow, treni mbili, amevaa suruali ya mazoezi chini ya gauni. Sesilia alishika kiti kwa nyuma akakimbia naye bustanini, Jumapili hii na ile, huku akimwambia atazame mbele, asitazame gurudumu. Jumapili ya saba aliachia mkono kimya kimya, na yule mama wa miaka hamsini na nane akaenda peke yake mpaka kwenye bwawa la bata, asijue kwamba hakuna aliyemshika. Toka siku hiyo wakawa chanda na pete.

Ndoto ya Ufaransa ilikuwa ya Sesilia. Ilianzia sokoni Walthamstow, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, alipookota ramani ya karatasi ya Normandi iliyochakaa kwenye mikunjo. Aliitandaza jikoni akaona rangi ya kijani ya misitu na mito myembamba ya buluu, na vijiji vidogo vyenye majina asiyoweza kuyatamka. Miaka ishirini na miwili alikuwa London na hakuwa amelala hata siku moja mahali ambapo ng'ombe wanasikika. Akanunua daftari. Ndani yake akaandika safari nzima: meli kutoka Newhaven hadi Dieppe, halafu reli ya zamani iliyong'olewa ikafanywa njia ya baiskeli, tambarare kama meza, halafu malisho ya ng'ombe wenye mabaka mekundu machoni kana kwamba wamevaa miwani, halafu msitu wa Lyons, kisha kuteremka na bonde la mto Epte mpaka mto wenyewe unapoingia Seine. Siku tisa, bila haraka. Akaandika kijiji kipi kina duka la mikate linalofunguliwa Jumatatu. Akaandika kwamba pasipo na duka, mtu atafute makaburi, kwa kuwa huko kuna bomba la maji safi.

"Maji ya makaburini?" Nurjehan aliuliza.

"Ni ya bomba, Mama Zulfi. Ya kumwagilia maua. Waendesha baiskeli wote hunywa."

Miaka mitatu waliipanga safari hiyo. Walinunua hata makoti mawili ya mvua ya njano, yanayofanana, Nurjehan akayaweka yote kwake kwa sababu nyumba yake ina nafasi.

Kilichomkwamisha Sesilia ni pasipoti. Nurjehan alikuwa na ya Uingereza tangu ujana. Angeweza kuamka asubuhi akaenda Ufaransa kama mtu anayekwenda dukani. Sesilia alishika ya Tanzania. Hakuibadilisha kwa sababu nchi yake hairuhusu mtu kuwa na uraia wa aina mbili, na shamba la baba yake lilikuwa likimsubiri Karagwe. Kwa hiyo alihitaji viza. Miadi ya viza ilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi; alikesha kwenye simu wiki nyingi akitafuta nafasi, akaipata kwa kuchelewa, akapeleka karatasi zote mpaka barua ya bosi wake. Siku nne kabla ya safari pasipoti ilikuwa bado haijarudi.

Alikwenda Tooting kumwambia Nurjehan uso kwa uso. Mikoba ya baiskeli ilikuwa imeshapangwa sebuleni.

"Basi tuahirishe," Nurjehan alisema, huku akiitazama ile mikoba.

"Usiahirishe kwa ajili yangu," Sesilia akasema. "Nenda tu."

Kwa Sesilia, na kwa watu waliomlea, neno hilo lina maana yake. Mtu akikwambia nenda tu, anakuomba umwambie siendi bila wewe. Lakini Nurjehan alikuwa amekaa kaunta miaka mingi akiwapa watu kile walichokitaja, si kile walichonyamazia. Akafikiri kidogo, akamshika Sesilia mkono.

"Kweli, mdogo wangu? Basi nitamwuliza Kavita. Peke yangu siwezi."

Kavita alikuwa binti wa jirani, mhasibu wa miaka thelathini na minne, wazazi wake wa Nairobi. Alikuwa na baiskeli nyepesi ya kuinuliwa kwa vidole viwili na kila Jumamosi alikwenda nayo mbali na wenzake wa klabu. Akaitwa, akaja saa ile ile, amefurahi. Akalifungua daftari la Sesilia ukurasa baada ya ukurasa.

"Anti Sesi, hii ni kazi kubwa. Naweza kuipiga picha?"

"Libebe lenyewe," Sesilia akasema, na kinywa chake mwenyewe kikamshangaza.

Njiani kurudi nyumbani, kwenye treni, alikaa akitazama giza la dirishani. Hakumchukia Kavita bado. Aliyemchukia kwanza ni Nurjehan, kwa sababu aliitikia mara moja.

Picha zilianza kuingia siku ya pili ya safari. Nurjehan juu ya gati la Dieppe, kofia ngumu imekaa upande. Nurjehan kwenye njia ya reli ya zamani, miti imeinama pande zote. Alituma pia ujumbe wa sauti, na upepo ulisikika ndani yake. "Sesi, ni kama ulivyosema, tambarare kabisa. Tumewaona ng'ombe wako wa miwani. Na tumekunywa maji ya makaburini. Kavita aliogopa, mimi nikamwambia kunywa, Sesi amesema."

Sesilia aliusikiliza ujumbe ule kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, mara mbili. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili alisikia, nyuma ya sauti ya Nurjehan, Kavita akicheka, na kicheko hicho kikamkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alikuwa amekiandika kijiji kile. Alikuwa amelijua lile bomba kabla yao, kwamba liko kushoto kwa lango. Na mwingine ndiye aliyekunywa.

Siku ya tatu Kavita aliweka picha mtandaoni, ambako Sesilia alikuwa amekwenda kuzitafuta mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Palikuwa na meza ya mkahawa, jibini ya umbo la moyo, na daftari lake limefunuliwa, duara la kikombe cha kahawa limechapwa juu ya mwandiko wake. Chini Kavita aliandika kwamba njia yao ni nzuri kuliko zote alizowahi kupita. Njia yao. Sesilia alikuza picha kwa vidole mpaka akaona neno lililolowa. Lilikuwa jina la msitu.

Nyumbani Deus aliona.

"Unaangalia tena?"

"Naangalia kama wako salama."

"Wako salama," Deus akasema, akivua viatu vyake vya kazi. "Anayeumwa yuko hapa. Weka simu, tule."

"Wewe huelewi. Nilimfundisha mimi. Nilikimbia nyuma yake kama punda."

"Naelewa. Wivu naujua, nilikuposa ukiwa na wachumba wawili." Alitaka Sesilia acheke, hakucheka.

Siku ya nne walikuwa msituni. Nurjehan alituma picha ya miti mirefu yenye magome laini ya kijivu, mwanga ukishuka kwa vipande juu ya njia, na katikati ya njia baiskeli mbili zimelazwa. Baiskeli mbili. Sesilia alipoteza subira na wagonjwa siku hiyo, akamjibu nesi mmoja vibaya, akaenda kuomba radhi, na hata alipokuwa akiomba radhi alikuwa akihesabu: sasa wametoka msituni, sasa wanaona bonde.

Jumanne jioni, saa moja, alifungua ukurasa wa mtandao wa halmashauri ya mji mdogo ulioko kwenye bonde la Epte. Ilikuwa desturi yake ya miezi mingi. Kila wiki aliusoma kwa msaada wa simu inayotafsiri, akitazama siku za soko na matengenezo ya barabara. Hapo akaliona tangazo jipya. Daraja dogo kwenye njia ya kando ya mto lilikuwa limedhoofishwa na mafuriko ya masika na limefungwa. Magari na baiskeli zote zielekezwe kwenye barabara kuu. Aliijua barabara hiyo kutoka kwenye ramani. Ni nyembamba, haina ukingo wa baiskeli, na malori ya mchanga hupita humo tangu asubuhi. Aliijua pia njia nyingine, ya kupanda kilimani upande wa pili, mlima wa nusu saa lakini hauna gari hata moja. Haikuwa kwenye daftari. Ilikuwa kichwani mwake tu.

Akaanza kuandika: Mama Zulfi, kesho msifike darajani, limefungwa. Mkitoka kanisani pindeni kulia, pandeni

Picha mpya ikaingia. Mvua ilikuwa imenyesha huko. Nurjehan na Kavita walisimama bega kwa bega chini ya paa la kituo cha basi, wamelowa, wanacheka, wote wawili wamevaa makoti ya njano. Kavita alikuwa amevaa la Sesilia. Lilimfaa zaidi.

Sesilia aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akafuta maneno, herufi moja moja, kuanzia mwisho. Walikuwa na simu zao. Kavita alikuwa mjuzi wa mambo. Kama njia ni yao, basi wataijua wenyewe. Akaenda kumpakulia Deus chakula, naye mwenyewe akala, ndizi na maharage, akamaliza sahani.

Jumatano picha hazikuja asubuhi. Hazikuja saa sita. Saa nane Sesilia alisukuma kitanda cha mgonjwa kwenda eksirei huku akiitazama simu. Alipiga simu kwa Nurjehan mara tatu, ikaita mpaka ikakatika. Alipotoka kazini alisimama kituo cha basi, akaacha mabasi mawili yapite. Saa kumi na moja namba ya Kavita ikatokea.

"Anti Sesi, usishtuke. Anti Nurjehan ameanguka. Yuko hai, anaongea. Daraja lilifungwa, tukafuata vibao, lori likatupita karibu mno, upepo wake ukamsukuma mtaroni. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kifundo, mahali pawili. Watampasua kesho." Sauti yake ilikuwa imara kwa nguvu, kama ya mtu aliyeamua kulia baadaye. "Anataka kuongea na wewe."

Palikuwa na mkwaruzo, kisha sauti ya Nurjehan, nzito kwa dawa.

"Sesi. Ungekuwepo wewe ungejua limefungwa. Nilimwambia Kavita, Sesi angejua."

Sesilia alisema pole. Aliisema mara nyingi. Kituoni watu walikuwa wakimpita na mifuko ya sokoni, naye akaendelea kusema pole kwenye simu iliyokwisha kukatika.

Usiku huo alimweleza Deus yote. Deus akakuna kidevu.

"Hukumsukuma wewe," akasema mwishowe.

"Sikumsukuma. Nilikaa nikala."

"Basi mwambie. Akijua kwa njia nyingine hatakusamehe kabisa. Akijua kwako, labda."

Nurjehan alirejeshwa London baada ya siku sita. Kavita hakumwacha, alilala kwenye viti vya hospitali, akazungumza na madaktari kwa Kifaransa chake cha shule, akapanga baiskeli zirudishwe. Sesilia alipofika Tooting, Kavita ndiye aliyemfungulia mlango, macho mekundu ya kukosa usingizi, akamkumbatia.

"Anti Sesi, daftari lako lilituokoa. Namba za simu za hospitali ulikuwa umeziandika nyuma. Sikujua hata nimpigie nani."

Sesilia alihisi uso wake unawaka. Binti huyu hakuwa amemfanyia lolote. Kavita akaaga, akaenda kwao kulala, na wale wanawake wawili wakabaki sebuleni, Nurjehan kwenye kochi, mkono umefungwa na kuinuliwa juu ya mto.

"Mama Zulfi, nina neno."

"Sema."

"Lile daraja. Nilijua limefungwa."

Nurjehan hakuelewa mara moja. "Ulijua lini?"

"Jumanne. Kabla hamjafika."

"Saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Tulikuwa macho saa moja. Tulikuwa tunakula." Alimtazama. "Ukafanya nini?"

"Nilianza kukuandikia. Halafu nikaona picha, Kavita amevaa koti langu. Nikafuta."

"Baada ya kufuta?"

"Nikala chakula."

Nurjehan aliutazama mkono wake, vidole vilivyovimba na kubadilika rangi, mkono uliopima dawa za watu miaka thelathini bila kukosea.

"Ulitaka nisiende," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia nisiende, nisingekwenda. Nilikuuliza. Nilikuuliza, kweli, mdogo wangu, na hukunizuia."

"Najua."

"Mimi nina miaka sitini na mmoja. Nilihofu mwaka ujao hautakuja. Hilo ndilo kosa langu, sikukwambia." Alivuta pumzi, maumivu yakampita usoni. "Lakini lako si kosa, Sesilia. Lako ulilichagua. Nenda nyumbani."

Tangu wajuane hakuwahi kumwita Sesilia kwa jina zima. Akainuka, akavaa viatu mlangoni, akaenda.

Kwa wiki tano simu hazikupita kati yao. Sesilia alifanya kazi, akarudi, akalala. Viza yake ilitoka, ya wiki mbili, ikamaliza muda wake ndani ya droo iliyofungwa. Deus alimwuliza mara moja kama angependa waende wote wawili kwa treni, hata siku tatu tu, akatikisa kichwa.

Mwezi wa nane Zulfikar alipiga. Yeye alikaa Manchester na watoto wadogo, na hakuwa amejua chochote kuhusu kilichotokea kati yao. "Anti, mama amemfukuza mhudumu wa pili. Anasema hawajui kuosha nywele. Amesema," akasita, "amesema kama Sesilia ana nafasi Jumamosi, aje."

Sesilia, si Sesi. Alikwenda hivyo hivyo.

Jumamosi ya kwanza aliosha nywele, akazisuka, akamenya vitunguu, akaondoka, na hawakusema ila ya maji na taulo. Ya pili ikawa vile vile. Ya tatu alisukuma chapati huku Nurjehan amekaa kwenye kiti cha jikoni akikosoa, hiyo nene, hiyo ina pembe. Kifundo kilikuwa kimeungana vibaya kidogo. Daktari alisema hataweza tena kubana breki kwa nguvu. Nurjehan alilisema hilo bila kumtazama mtu.

Ya nne, Sesilia akiwa na mikono kwenye povu la shampuu, Nurjehan alianza kuzungumza, polepole, akiwa ameinamia beseni.

"Ile siku ya msitu tulipotea. Sikukutumia picha. Kavita alikata kushoto mapema, tukateremka, tukateremka, mpaka kwenye kijito ambacho hakiko kwenye daftari lako. Palikuwa na kinu cha zamani cha kusagia ngano kwa nguvu ya maji, jengo lake halina paa. Ndani yake umeota mti wa tufaha."

Wivu ukamchoma Sesilia pale pale, mpya kabisa, kana kwamba haukuwahi kupoa. Kinu ambacho hakukiandika, mti ambao hakuujua, na Kavita ndiye aliyeuona. Mikono yake ilisimama juu ya kichwa cha rafiki yake. Nurjehan alisubiri, maji yakidondoka kwenye masikio. Bila shaka alijua anachokifanya.

Sesilia akachukua kopo, akamimina maji ya uvuguvugu taratibu, akikinga macho ya mwenzake kwa kiganja.

"Matufaha yalikuwa yameiva?" akauliza.

"Bado. Madogo kama zabibu. Kavita alionja moja, akatema."

"Halafu mkapita wapi?"

Nurjehan akaegemeza shingo kwenye ukingo wa beseni, akafumba macho, akamwambia.